Nguo ya kubana chini ya baibui: Usiku nao ni vazi

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu katika umbile lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Hakuna Muislamu wa mjini ambaye hajasikia mawaidha juu ya nguo za kubana. Ramadhani ikikaribia yanasikika, msimu wa harusi yanasikika, na khatibu akiishiwa na maudhui siku ya Ijumaa hurudi hapo hapo. Hadithi inayotajwa ni ile iliyopokewa na Imamu Muslim, ya wanawake waliovaa na huku wako uchi. Mawaidha hayo ni ya haki na sipunguzi hata herufi moja. Ila nimekuwa nikijiuliza: kwa nini karibu yote yanahusu jicho la yule anayetazama, na ni nadra kuguswa mwili wa yule aliyevaa?

Nauliza kwa sababu ipo nguo ya kubana ambayo hotuba hizo haziifikii kabisa. Haionekani barabarani. Dada anaivaa ndani, juu yake anaweka dira, juu ya dira baibui lililopwaya, na mtandio mpaka kifuani. Kwa jicho la mpita njia amesitirika kuliko wengi. Lakini chini ya sitara hiyo tumbo limebanwa, mapaja yamebanwa, pumzi inaingia nusu. Usiku akirudi nyumbani baibui linavuliwa, dira linavuliwa, ile ya ndani inabaki. Analala nayo.

Yawezekana baadhi ya kaka zetu hawajui ninazungumzia kitu gani. Ni zile nguo za ndani za lastiki: taiti inayoanzia chini ya matiti na kuishia magotini, au mkanda mpana wa tumbo wenye safu za ndoana, ukizoea safu ya kwanza unahamia ya pili. Kariakoo zimetundikwa wazi na kila muuzaji ana jina lake. Wazo lenyewe si jipya. Wanawake wa Ulaya wa karne ya 19 walijifunga korseti za kamba zilizotiwa vijiti vigumu, mpaka madaktari wao wenyewe wakaandika kulalamika. Mwaka 1958 mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, Joseph Shivers, alibuni uzi wa spandeksi, unaovutika na kurudi. Mwaka 2000 Mmarekani mwingine, Sara Blakely, alianzisha kampuni ya Spanx, na biashara ya nguo hizi ikapata uhai mpya dunia nzima. Vijiti vimeondoka, kubana kumebaki.

Katika darasa la akina mama ninalofundisha, jambo hili liliingia kwa mlango wa pembeni. Tulikuwa tunasoma adabu za kulala: kutia udhu, kukung'uta tandiko, kulalia ubavu wa kulia, kusoma nyiradi. Mama mmoja kijana, aliyekuwa amejifungua miezi miwili nyuma, akauliza: "Mwalimu, nyiradi zote nazisoma, lakini usingizi siupati. Kifua kinatoka jasho, miguu ya baridi, nashtuka usiku kama mtu anayefukuzwa. Niongeze kusoma nini?" Bibi mmoja aliyekaa karibu naye akamtazama kiunoni, akasema: "Mwanangu, kabla hujaongeza nyiradi, hebu vua hilo lidude kwanza."

Darasa zima lilicheka. Lakini baada ya darasa, wale waliocheka sana ndio walionifuata mmoja mmoja wakinong'ona kwamba na wao wanalala nayo. Mmoja aliambiwa na aliyemuuzia kuwa mafuta ya tumbo huyeyuka usiku akilala amebanwa. Mwingine anaogopa mumewe aone tumbo lilivyo. Mwingine alisema ameshazoea tu, asipobanwa anajihisi kama anamwagika.

Nianze na hilo la mafuta kuyeyuka, maana ni uongo wa biashara na haustahili maneno mengi. Kinachotoka ni jasho, nalo ni maji na chumvi. Mafuta ya mwili si samli iliyo karibu na jiko. Mwili huyatumia pale unapohitaji nguvu kuliko kiasi ulicholishwa, hauyatoi kwa kuwa umefungwa. Kiuno kinachoonekana kimepungua asubuhi ni nyama iliyosukumwa pembeni na maji yaliyotoka. Kunywa maji, kaa saa chache, kiuno kinarudi kwa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye usingizi. Allah (SW) ameuwekea mwili utaratibu, na joto ni sehemu kubwa ya utaratibu huo. Joto la ndani ya mwili halikai pahala pamoja kwa saa 24. Jioni linakuwa juu, usiku linaanza kushuka, na linafika chini kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Tofauti yake ni kama nyuzi 1 hivi ya Selsiasi. Mtu ataona ni kidogo, lakini kushuka huko ndiko kunakofungua mlango wa usingizi. Ili joto lishuke ni lazima litoke nje, na njia yake ni ngozi. Mishipa midogo ya damu kwenye mikono na miguu hutanuka, damu yenye joto hukimbilia huko, na joto huondoka. Ndiyo maana mtoto anayetaka kulala ukimshika viganja unavikuta vina moto. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Nature kwamba mikono na miguu kupata joto ni dalili ya kutegemewa sana kuwa mtu atalala upesi. Mtazame tena yule mama wa darasani: kifua jasho, miguu baridi. Joto lilikuwa limefungiwa pale pale linapotakiwa kutoka.

Mwaka 2000 watafiti watatu, Lee, Hyun na Tokura, walichapisha katika jarida la Chronobiology International uchunguzi uliofanyika Japani kuhusu jambo hili hasa. Walichukua wasichana kumi wenye afya, wa umri wa miaka 18 mpaka 23, wakawaweka katika chumba chenye joto la nyuzi kama 26.5, mwanga ukipangwa kwa saa. Mara moja walivaa nguo zilizopwaya peke yake, mara nyingine wakavaa na za ndani za kubana, yaani sidiria na taiti ya kubana kiuno na nyonga. Waliponguliwa na nguo za ndani, joto la ndani ya mwili lilikuwa juu zaidi, mchana na usiku. Melatonini iliyopimwa katika mate yao ilikuwa pungufu. Hiyo ni homoni ambayo tezi iliyo ndani ya ubongo huitoa giza likiingia, kuujulisha mwili kuwa ni usiku. Na katika mkojo wao noradrenalini, homoni ile inayopanda mtu akiwa na wasiwasi au akijiandaa kukimbia, nayo ilikuwa pungufu. Kwa maneno mengine, taa imezimwa, macho yamefumbwa, lakini mwili umevishwa nguo inayouambia kuwa bado ni mchana.

Wasichana kumi ni wachache, na hawakuwa mama zetu wa Mbagala. Sijengi hukumu ya haramu juu ya uchunguzi mmoja. Lakini tujiulize upande mwingine: kama katika chumba kilichotunzwa kwa mashine hali ilikuwa hiyo, itakuwaje kwetu? Mwezi wa Februari Dar es Salaam, kaskazi inavuma, saa nane za usiku joto la nje linaweza kuwa nyuzi 25 au zaidi, na hewa imejaa unyevu. Umeme ukikatika, feni imesimama. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi na kuondoka kama mvuke. Likitiririka bila kukauka, au likinywewa na nailoni iliyogandana na ngozi, halipozi kitu. Mwili unaendelea kulitoa, maji yanapotea na joto linabaki. Ongeza chandarua, ambacho hatuwezi kukiacha kwa sababu ya malaria, nacho kinapunguza upepo. Ongeza na mtoto mchanga aliyelazwa ubavuni.

Wenye kuvaa wanayajua na mengine, ijapokuwa hawayasemi. Pilau la harusi limeliwa saa sita ya usiku, tumbo limebanwa, mtu analala chali: tindikali inasukumwa juu, kiungulia mpaka asubuhi. Wengine wanapata ganzi au kuhisi moto upande wa nje wa paja, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaopita karibu na kinena umegandamizwa. Na fangasi hupenda pahala penye joto, unyevu na giza. Haya yapo hospitalini kila siku.

Mtu anaweza kuuliza, mwalimu wa dini ana kazi gani na vipimajoto? Jibu ni kwamba sharia yenyewe imelijali joto la mwili. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (SAW) aliamrisha joto likizidi sana, Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Swala, nguzo ya pili ya Uislamu, inasogezwa ndani ya wakati wake kwa ajili ya joto! Na baridi nayo imezingatiwa. Abu Daud amepokea kisa cha Amr bin Al-Aas (RA) katika msafara wa Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Alipata janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuwa akikoga atakufa, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake Alfajiri. Habari ilipomfikia Mtume (SAW), Amr alijieleza kwa aya ya Suratun-Nisaa inayokataza watu kujiua (4:29). Mtume (SAW) alicheka na hakumlaumu. Ikiwa josho la faradhi linaondoka kwa kuchelea mwili kudhurika, taiti ya Kariakoo ina hoja gani mbele ya mwili huo huo?

Rudi sasa kwenye Qur'an. Katika Suratun-Nabai Allah (SW) anatukumbusha kuwa ameufanya usingizi wetu kuwa mapumziko na usiku kuwa vazi (78:9-10), na maana hiyo imerudiwa katika Suratul-Furqaan (25:47). Mufasirina wameeleza kuwa usiku umeitwa vazi kwa sababu unasitiri kwa giza lake kama nguo inavyomsitiri aliyeivaa. Mimi kila ninapoifundisha aya hii hujiuliza swali dogo la mwalimu: vazi hili la usiku limeshonwa kwa kipimo cha nani? Halimbani mnene, halimpwayi mwembamba. Halina safu za ndoana. Giza linamfunika kila mmoja na umbo lake alilopewa.

Ipo aya nyingine ambayo wengi wetu tunaisoma kwa hukumu yake tu na hatuangalii inachokitaja njiani. Ni ile ya Suratun-Nuur (24:58) inayoamrisha watumishi na watoto wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha. Hodi imewekwa kwa sababu gani? Kwa sababu Qur'an imechukulia kuwa nyakati hizo mtu amejipunguzia mavazi na amepumzika, na ikamwekea ulinzi wa kisharia asiingiliwe. Kuvua kwa ajili ya mapumziko kumetajwa kama jambo la kawaida la nyumba ya Muislamu. Dada anayejifungia chumbani mwake, mlango una komeo, watoto wamelala, na bado amebanwa kama yuko ukumbini, ameiacha haki ambayo aya nzima imeshuka kuilinda.

Na neno haki silitumii kama pambo. Abdullah bin Amr (RA) alikuwa akifunga mchana wote na kusimama usiku wote. Mtume (SAW), katika hadithi iliyo katika Bukhari, alimzuia akimweleza kuwa mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki na mkewe ana haki. Angalia aliyekatazwa alikuwa akifanya nini: ibada. Kama jicho lina haki ya kulala mbele ya tahajudi, mbele ya umbo la kiuno haki hiyo imekwenda wapi?

Kisa kinachonikaa zaidi moyoni ni cha kamba. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (RA) kuwa Mtume (SAW) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ya nini, akaambiwa ni ya Zainab, akichoka katika swala huishika ajizuie asianguke. Mtume (SAW) akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kuwa mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Kamba ile ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Allah, na ikafunguliwa. Nimewasomea akina mama hadithi hii mara nyingi kabla, lakini siku ile baada ya swali la yule mama kijana ilisikika tofauti. Hawakuhitaji nieleze.

Niguse na swala. Imamu Muslim amepokea hadithi ya kukataza mtu kuswali huku akizuia haja ndogo au kubwa. Harusi zetu zinaanza saa mbili ya usiku na kumalizika saa saba. Dada amevaa taiti ya lastiki ambayo kuivua na kuivaa ni kazi ya robo saa na msaidizi. Matokeo yake anaacha kunywa maji tangu alasiri ili asihitaji choo, anazuia mkojo, Isha anaiswali mbio au anaiahirisha. Rukuu ni nusu, sijida ni ya kuhema. Kisha anarudi amechoka, hana nguvu ya kujivua, analala hivyo hivyo. Alfajiri inaadhiniwa ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Tunawalaumu akina dada kwa kulala Alfajiri na hatujauliza usiku ulikwendaje.

Wapo watakaosema kubana tumbo ni mila yetu ya pwani, mbona bibi zetu walifunga mkaja? Ni kweli. Mzazi alifungwa kitambaa tumboni, na jina la mkaja likaingia hata katika mahari, ile zawadi ya mama wa bibi harusi kwa taabu ya uzazi wake. Lakini mkaja na hii lastiki ni vitu viwili. Mkaja ni kitambaa cha pamba. Hufungwa na mtu mzima anayemjua mzazi, mkono wake ukipima, na hufunguliwa mzazi anapokandwa maji ya moto, kisha hufungwa tena. Mzazi akisema umekaza sana, unalegezwa. Una siku zake na ukomo wake. Lastiki haisikii. Inavuta kwa nguvu ile ile saa ya kwanza na saa ya kumi, ukiwa umesimama na ukiwa umelala, umekula au hujala. Tena nguvu ya kubana tumbo haiishii tumboni, inasukuma chini pia, kwenye misuli ya nyonga ambayo kwa mzazi bado imelegea. Mtu asiutumie mkaja wa bibi kuhalalisha kulala na mkanda wa ndoana.

Sasa nizungumze na kaka zetu, maana sioni haki kuwaacha dada zangu peke yao katika ukurasa huu. Yule aliyesema anaogopa mumewe aone tumbo, hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Imetoka kwenye neno. Pengine mume alisema kwa mzaha, mbele ya shemeji, kwamba mke wake sasa amekuwa gunia. Pengine alionyesha picha kwenye simu akasema, "Ona mwenzako huyu, ana watoto watatu." Neno la sekunde tano, na mwanamke anabanwa mwaka mzima. Tumbo analolicheka ndilo lililobeba wanawe.

Bi Aisha (RA) amesimulia, kama walivyopokea Abu Daud na Ahmad, kuwa alishindana mbio na Mtume (SAW) akamshinda. Baadaye akanenepa, wakashindana tena, na safari hii Mtume (SAW) akamshinda, akamwambia kwa utani kuwa hii ni kwa ile. Tafakarini utani huo. Mwili wa mke umebadilika, mume ameona, na hakuna neno hata moja juu ya unene. Anayeutaja ni Bi Aisha mwenyewe, bila haya wala uchungu. Mume alichokitaja ni mchezo wao, deni la mbio lililolipwa. Na alimwita wacheze akiwa hivyo alivyo. Kaka unayesoma sira kwa ajili ya kujua vita, isome na kwa ajili ya hili.

Wala sisemi mke asijipambe. Kujipamba kwa mume ni katika mambo mema, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kuwa na yeye alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. (Hapa waume wa kulala na fulana ya tangu asubuhi wajisikie wametajwa.) Lakini pambo ni kitu kinachomfurahisha anayelitazama bila kumuumiza aliyelivaa. Mume gani mwenye akili ameridhika kulala na mtu aliyefungwa kama mzigo wa mtumba?

Ama hukumu, wameniuliza moja kwa moja na ninajibu kwa kiwango cha elimu yangu, masheikh watanisahihisha. Nguo ya ndani ya kubana, ikiwa juu yake kuna vazi la stara lililopwaya, asili yake ni halali kama nguo nyingine. Mwanamke akiivaa saa mbili tatu kwa shughuli, haimdhuru, haimzuii swala, sioni pa kumkataza. Ikimdhuru, hapo inaingia kanuni inayotokana na hadithi mashuhuri kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine, na madhara huyapima yeye mwenyewe na daktari, si muuzaji. Akiivaa siku ya kuja kutazamwa na mposaji kwa makusudi ya kumfanya aamini umbo ambalo hana, hilo lina sura ya udanganyifu, na akumbuke hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inayomfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Mposaji naye asiyetazama kingine ila kiuno, ana tatizo lake jingine.

Kwa anayevaa, nasema yafuatayo. Usinunue namba ndogo kuliko mwili wako ukidhani inafanya kazi zaidi. Ikiacha alama nyekundu zinazokaa muda mrefu baada ya kuivua, au ganzi, au pumzi fupi, imeshakuambia. Ndani kabisa pawe na pamba. Ukirudi nyumbani ivue kabla ya kutia udhu wa Isha, siyo baada, ili maji yapite vizuri na swala iwe ya mtu anayehema. Oga maji ya uvuguvugu au ya kawaida, kisha lala na kanga au gauni jepesi la pamba. Yule mama kijana nilimwambia ajaribu siku saba hivyo, nyiradi zile zile bila kuongeza. Ilipofika darasa la wiki iliyofuata alichelewa kwa nusu saa. Alisema mtoto alilala, na yeye akapitiwa.

Limebaki swali moja, la mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua na kupewa mkanda hospitali. Huyo hakuvaa kwa ajili ya umbo. Mkanda wa baada ya upasuaji hushikilia kidonda na kumsaidia mgonjwa akohoe na atembee kwa maumivu pungufu, na ni dawa katika dawa. Aufuate kama alivyoelekezwa, na kama hakuambiwa saa za kuuvaa na kuuvua basi arudi akaulize, aulize hasa kuhusu usiku. Wakimwambia avue akilala, avue, hata kama wifi hajaridhika.

Wallahu a'alam.